Ndimu Aliyokula Kurwa

Lipu ilianguka wakati wa sadaka. Ingeanguka wakati wa mahubiri watu wangesema shetani amechukia Neno, na ingeanguka wakati wa kwaya wangesema sauti ya tatu imezidisha makelele kama kawaida yake. Lakini ilichagua sadaka, wakati ambao kanisa zima liko macho na kila mtu anachungulia mwenzake anatia nini kapuni. Kipande kikubwa kama mlango kilibanduka kwenye ukuta wa nyuma ya mimbari, kikainama kidogo kama mtu anayeaga, kisha kikaporomoka kwa kishindo. Vumbi likawafunika wanakwaya wa safu ya mbele, chombo cha maua kikavunjika, na mchungaji, aliyekuwa ameketi karibu na hapo, akajikuta amesimama juu ya kiti bila kujua amepandaje.

Hakuna aliyeumia, na hilo lisemwe mapema ili msomaji apumue. Aliyeumia ni mmoja tu, na alikuwa ameketi mbali, benchi la nne, katikati ya mkewe na babake. Huyo ndiye aliyepiga ile lipu. Watu walimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wapita njia. Lipu haikuwa na hata miezi miwili tangu aimalize, na siku alipoimaliza walimpigia makofi.

Sasa macho yote yalimgeukia. Yalipochoka kumtazama yeye yakahamia kwa mzee aliyeketi kuliani mwake, na hapo yakaweka kambi.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema mtu nyuma yao, kwa ile sauti ya kunong'ona inayokusudiwa kusikika.

Habari ya mzee huyo ilijulikana hata na watoto waliozaliwa baada yake. Zamani, alipokuwa msimamizi wa ujenzi wa zahanati, aliuza saruji kwa mlango wa nyuma, akajenga kwa mchanga na matumaini. Mvua kubwa ya kwanza ukuta ulilala chini na kumvunja kibarua mmoja mguu. Mzee alifungwa. Alipotoka hakupita nyumbani kwanza; alikwenda hadi kwa yule kibarua, akasimama mlangoni na kusema, "Ni mimi." Kibarua yule siku hizi ndiye Mgonga Kengele wa kanisa, anatembea kwa fimbo, na kila jioni hucheza drafti na mzee huku wakitukanana kwa mapenzi. Kwa wao wawili jambo lilikwisha. Kwa watu wengine haliishi, kwa sababu halikuwauma wao.

Watu walipokuwa bado wanapangusana vumbi, mzee aliinuka, akaenda polepole hadi mbele, akainama kwa taabu na kuokota kipande cha lipu. Alikisugua kwa vidole, akakitia mfukoni mwa koti, akarudi kukaa.

"Mwone," ilisema ile sauti ya nyuma. "Anaokota laana yake."

Mkewe Fundi, Mama Pacha, aligeuka na kumtazama mwenye sauti mpaka huyo akaanza kutafuta kitu mkobani.


Baada ya ibada wazee wa kanisa walikutana katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki na harufu ya mishumaa. Fundi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Neno alilokuja nalo lilikuwa fupi, alilipanga hata kabla vumbi halijatulia: ni mimi niliyeharibu.

Mzee Magodoro alimtangulia. Huyu ndiye alikuwa mwenyekiti wa ujenzi, mtu mpana mwenye duka la magodoro, na akiwa na jambo la kusema hakuna aliyewahi kusema kabla yake.

"Fundi, sisi hatukulaumu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama bidhaa zake. "Kazi yako tunaijua. Nyumba ngapi umezipiga lipu? Ipi imeanguka? Hakuna. Sasa kwa nini ianguke hapa, mahali patakatifu? Fikirini, ndugu zangu."

Wazee wakafikiri, au angalau wakatikisa vichwa.

"Kuna kitu kinamfuata huyu kijana. Baba alikula saruji ya wagonjwa, na Mungu hupatiliza. Hii ni laana ya ukoo."

Mchungaji alikuwa bado kijana, na vumbi lilikuwa limemzeesha nyusi. "Mimi nilidhani tungemuuliza Fundi mwenyewe kwanza," alisema.

"Tumuulize nini, Mchungaji? Yeye atajuaje? Laana haipigi hodi." Mzee Magodoro akamgeukia Fundi tena. "Jumapili ijayo mlete mzee wako mbele. Atapiga magoti, ataungama kwa niaba ya ukoo, tutaomba, tutaikata laana, yamekwisha. Wewe utaurudia ukuta wako, saruji tutanunua nyingine, na kazi ya ukumbi bado ni yako. Jina lako linabaki safi."

Fundi aliitazama kofia yake. Kazi ya ukumbi ilikuwa ya kulisha nyumba hadi mwaka ujao. Jina safi, kazi mkononi, na hapana hata mmoja aliyemuuliza swali. Ni mara ngapi mtu hukosa akaletewa msamaha kwenye sinia kabla hajauomba? Lile neno lake fupi lilimfika kooni, likageuka, likashuka.

"Nitamwambia mzee," alisema.

Ukweli ulikuwa hivi. Siku ya kumalizia ukuta ule Fundi alichanganya saruji nyingi kwa mara moja, akiwa na hamu ya kumaliza. Kabla hajapiga hata nusu, Mzee Magodoro akamwita aende akaitazame baraza ya nyumba yake, iliyotaka kutengenezwa. Baraza ilitazamwa kidogo. Chai ilinywewa sana. Fundi aliambiwa hakuna fundi kama yeye, akaongezwa chai, akaambiwa tena, na mtu anayesifiwa hasikii saruji ikikauka. Aliporudi ilikuwa imeshaanza kushika. Saruji ikishika ni ya kutupwa, hilo hata kibarua wa siku moja analijua. Lakini ile ilikuwa ya michango ya waumini, kuitupa ni aibu, na kuchanganya nyingine ni kukiri kwamba chai ilikuwa ndefu. Basi akaimwagia ndoo ya maji, akaipigapiga chepe mpaka ikalainika, akaibandika ukutani.

Mafundi wana jina la mchezo huo. Wanauita kumfufua Lazaro. Tofauti yake ni kwamba Lazaro wa Maandiko alitoka kaburini akiwa mzima kweli, na huyu wa mafundi husimama tu mpaka mwenye nyumba ageuze mgongo.


Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe nusu yake ilikuwa ya cherehani ya Mama Pacha. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi akivua viatu. Wajukuu zake pacha, Kurwa na Doto, kila mmoja alikuwa ameshika mguu mmoja akivuta soksi.

"Wamesemaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Wanasema ni laana."

"Laana ya nani?"

Fundi aliitundika kofia yake ukutani, mgongo kwa babake.

"Itakuwa yangu," alisema mzee. "Laana zikipotea njia huulizia kwangu. Wanataka nifanye nini?"

"Upige magoti mbele, Baba. Jumapili. Uungame, wakuombee."

"Niliungama mbele ya hakimu. Nikaungama kwa mwenye mguu. Nikaungama kwa mchungaji aliyepita mpaka akasinzia." Mzee alinyoosha vidole vya miguu vilivyokwisha kuachwa huru. "Lakini mara moja zaidi haitaniua. Goti la kushoto tu ndilo lenye maneno mengi."

"Usikubali, Baba!" Mama Pacha aliikanyaga pedeli ya cherehani kwa hasira ingawa hakuwa na kitambaa. "Ulishatubu. Kwani Mungu ana usahaulifu, akumbushwe kila akiona vumbi? Na wewe, Baba Pacha, ulikuwa umesimama tu? Hukusema kitu?"

"Ningesema nini?"

Mama Pacha alimtazama. Mwanamke akikaa na mpiga lipu miaka mingi hujifunza kuta, na huujua ufa ungali ndani. "Mimi sijui," alisema. "Mwenye mwiko ulikuwa wewe."

Mzee alikohoa. "Saruji ilikuwa nzuri?" alimuuliza mwanawe, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Nzuri, Baba."

"Mchanga je?"

"Msafi."

Fundi alingoja swali la tatu, la maji. Halikuja. Mzee alisema, "Haya," akawaomba wajukuu wamletee ubao wa drafti.


Wiki ile ilikuwa ya ajabu kwa Fundi. Alitarajia matusi, akapata pole. Wauza vifaa vya ujenzi, majirani, hata yule bibi anayemdai kila mtu heshima, wote walimwambia jambo moja: pole, Fundi, si kosa lako. Alizipokea pole zile kama chenji iliyozidi, haraka, bila kuhesabu. Mwalimu mmoja ambaye jiko lake lilikuwa lipigwe lipu siku ya Jumanne alimwomba wasubiri kwanza. "Si kwamba nakutilia shaka," alisema huku akilizuia lango kwa mguu. "Ni mpaka mzee aombewe tu. Mwiko nao uombewe kama inawezekana." Fundi alicheka. Alishangaa jinsi kicheko kilivyomjia kwa wepesi.

Alhamisi Mzee Magodoro alipita nyumbani mwenyewe, amebeba kitu kwenye mfuko. Alikitoa kwa majivuno na kukiweka mapajani mwa mzee. Kilikuwa kipande cha godoro, kimekatwa vizuri na kushonewa kitambaa.

"Cha kupigia magoti, mzee wangu. Bure kabisa. Nimeambiwa goti linasumbua."

"Ahsante sana," mzee alisema, akikibonyeza. "Laini. Zamani tulitubu juu ya kokoto."

Mgonga Kengele, ambaye alikuwa upande wa pili wa ubao wa drafti, alikibonyeza naye. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema, akamla mzee kete mbili.

Mzee Magodoro alicheka bila kujua anacheka nini. Akamgeukia Fundi na kumpiga begani. "Na ile baraza yangu usiisahau, Fundi. Siku ile hata hatukumaliza mazungumzo." Fundi alisema hajaisahau. Alikuwa akisema kweli kuliko alivyopenda.


Jumamosi mchana Kurwa na Doto walikuwa sakafuni wakikariri. Jumapili ilikuwa zamu ya watoto kusema aya, na mwalimu wao alikuwa amewapa maneno ya nabii yule aliyehubiri ugenini, kati ya watu waliochukuliwa mateka. Watu hao walikuwa na msemo wao: kwamba baba zao walikula zabibu kali, na wao watoto ndio waliotiwa ganzi ya meno. Nabii akawaambia Mungu hataki kuusikia tena msemo huo. Kila mtu ataulizwa ya kwake. Na mwenye kosa akigeuka, ataishi.

"Babu," aliuliza Kurwa, "zabibu kali ni kali kama nini?"

"Kama ndimu, labda."

Kurwa alikwenda jikoni akarudi na ndimu. Aliing'ata kama mtu anayeng'ata chungwa. Uso wote ukakunjamana ukawa mdogo.

"Doto, unasikia?"

"Sisikii."

"Meno yako yanasemaje?"

"Yapo tu."

"Hebu tafuna."

Doto alitafuna hewa kwa makini, kwa sababu hili lilikuwa jambo la kitaalamu. "Hata kidogo."

Kurwa, machozi yakimlengalenga, alimaliza ndimu yote na ganda lake. "Na sasa?"

"Wala."

"Lakini sisi ni pacha!" Kurwa alipiga kelele, ameonewa. "Tulikaa tumbo moja!"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Mama Pacha alisimamisha cherehani, kwa sababu mshono ulikuwa unakwenda upande. Hata Fundi, aliyekuwa ameegemea mlango akipangusa pima maji yake, alicheka. Na kwa kweli ilikuwa nyumba ya furaha ile, hata katika wiki mbaya. Ila yeye ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Sasa," Doto alisema, ambaye alikuwa hajacheka kwa sababu alikuwa bado anafikiri, "mbona kesho Babu ndiye atapiga magoti? Lipu si alipiga baba?"

Ilisikika ndimu peke yake, maana Kurwa alikuwa bado ananyonya vidole.

"Kuna magoti ya namna nyingi, mjukuu wangu," alisema mzee hatimaye. "Mpeleke mwenzako akasukutue."

Mama Pacha aliinuka kulinyoosha koti la mzee. Alipoupapasa mfuko akakuta kitu kigumu na punje punje. "Baba, humu mna mchanga."

"Uache hapohapo, mwanangu. Nina kazi nao."

Alimtazama mkwewe, akamtazama mumewe, akauacha. Baadaye alimfuata Fundi uani, alikokuwa akiosha mwiko uliokuwa safi tayari.

"Una neno unataka kuniambia?"

"Sina."

"Haya," alisema Mama Pacha. "Shati lako nimelinyoosha. Ukiwa nalo, mimi nitakuwa jikoni." Hakumaanisha shati.


Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka nje, maana toba ya mtu mwingine ni jambo la kupendeza. Pengo ukutani lilikuwa limefunikwa kwa shuka la maua makubwa kutoka dukani kwa Mzee Magodoro, na kile kipande cha godoro kilikuwa kimeshawekwa mbele, kinangoja.

Watoto walitangulia. Kurwa na Doto walisimama wameshikana mikono, sare zao zimetoka kwenye cherehani juzi. Kurwa alisema nusu yake bila kosa. Doto alifungua kinywa, akawaona watu wote wale, na maneno ya nabii yakamtoroka. Alihangaika kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kushindwa, akasema alichokijua.

"Jana Kurwa alikula ndimu. Na mimi ni pacha wake. Lakini meno yangu hayakusikia kitu."

Kanisa lilicheka. Mchungaji hakucheka sana. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na sasa amekumbuka.

Mzee Magodoro alisimama, akajipangusa suti, akaeleza habari ya laana kwa urefu unaostahili mtu aliyetoa godoro bure. Akaeleza zahanati. Akaeleza mguu. Mwenye mguu alikuwa ameketi pale pale akimsikiliza kama habari za mji mwingine. "Tunamwita mzee wetu apite mbele," alisema mwishoni.

Mzee alijaribu kusimama. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa, akayumba, akashika mgongo wa benchi. Hapo Mgonga Kengele, aliyekuwa safu ya pili nyuma yake, aliinuka na kumnyooshea fimbo yake. Mzee akaipokea. Akaanza kutembea, anaegemea fimbo ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemvunja mguu, na nyuma yake mtu huyo akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika benchi, anamngoja.

Fundi aliona yote hayo kwa wakati mmoja. Moyo ulimuuma waziwazi, si kwa mfano, ulimuuma kama jino.

"Baba, rudi ukae," alisema.

Hakupaza sauti, lakini kanisa ni jengo linalopenda sauti. Mzee alisimama katikati ya njia. Fundi alitoka kwenye benchi, akampita, akaenda mbele. Alilishika shuka la maua akalivuta, likaanguka, na pengo likaonekana na matofali yake.

"Hii lipu nilipiga mimi," alisema. "Saruji ilishika nikiwa sipo. Nikairudishia maji, nikapiga hivyo hivyo. Nilijua. Fundi yeyote hapa anajua. Hapana laana hapa, ndugu zangu. Pana ndoo moja ya maji."

"Fundi," alisema Mzee Magodoro kwa upole, "huzuni imekuzidi."

"Sina huzuni, Mzee. Nina aibu. Na mngeweza kuumia. Hawa wa kwaya wangeweza kuumia."

"Sasa kwa nini saruji ishike?" aliuliza mwanakwaya mmoja wa sauti ya tatu, ambaye mavazi yake yalikuwa bado hayajatakata. "Ulikuwa wapi siku hiyo?"

Mzee Magodoro akaanza kukitazama kile kipande cha godoro, mishono yake, pembe zake. Fundi alimwona. Mlango ulikuwa wazi na mpana, angepita humo na nusu ya kosa lake angeliacha kwa mwingine, na kila mtu angemwelewa.

"Nilichelewa," alisema. "Nilichelewa kwa kupenda kwangu. Maji niliyamwaga mimi." Kisha akapumua. "Na wiki nzima nimewaacha mumseme mzee wangu, nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Hilo ni baya kuliko ukuta."

Alipiga magoti. Hakupiga juu ya godoro, alipiga sakafuni, kwenye vumbi ambalo hakuna aliyekuwa amelifagia vizuri. Watu walikuwa wamejiandaa kwa laana, na laana ina nyimbo zake; mtu aliyekosa tu, akasema amekosa, hawakujua wamwimbie nini.

"Mimi mwenye mguu nilisamehe siku nyingi," ilisikika sauti ya Mgonga Kengele kutoka nyuma, bado kwa mguu mmoja. "Nyinyi wenye miguu yote miwili mnasubiri nini?"

Kicheko kilipasuka, na ndani yake watu wengine walikuwa wanalia, Mama Pacha akiwa wa kwanza. Mchungaji alishuka. Alimwekea Fundi mkono kichwani, na kabla hajafungua kinywa kuomba, akasikia sauti laini karibu yake, ndogo kuliko ilivyozoeleka.

"Ile chai," alisema Mzee Magodoro, "ilikuwa ya kwangu. Nilimkawiza."

Mchungaji alikisogeza kile kipande cha godoro kwa mguu. "Piga magoti hapo, Mzee," alisema. "Umekikata vizuri."


Kazi ya ukumbi alipewa fundi mwingine. Wazee walikaa na kuamua hivyo, na Mchungaji mwenyewe ndiye aliyekuja kumwambia. Iliuma, na Mama Pacha akachukua kazi ya kushona mapazia ya watu asiowapenda ili mwezi upite. Lakini mwalimu wa jiko alituma ujumbe Fundi aje. Alisema mtu anayetangaza makosa yake mbele ya kanisa atakuwa mwangalifu walau kwa mwaka mmoja.

Jumatatu asubuhi Fundi alikuwa mbele ya ukuta na nyundo na tindo, anabandua lipu yote ambayo ilikuwa haijaanguka. Saruji ilikuwa ya kununua mwenyewe. Mzee alikuwa ameletewa kiti, na kazi yake ilikuwa kulowesha matofali kwa kopo, kazi ambayo kawaida hupewa wageni wa ujenzi. Aliifanya huku akiimba. Fundi alichanganya saruji kidogo, karai moja, akaimaliza, akachanganya nyingine.

Mzee Magodoro alichungulia mlangoni, chupa ya chai mkononi, bila suti. "Fundi," alisema, akasita. "Nimeleta chai. Ikikubalika."

"Ilete hapa hapa, Mzee. Nitainywa nimesimama."

Akaileta, akammiminia mzee kwanza, akashika ndoo tupu na kwenda kuchota maji bila kuambiwa.

Walipobaki wawili, mzee aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Alikitoa kile kipande cha lipu alichokiokota Jumapili ile ya kishindo. Alikisugua kwa dole gumba, kikapukutika kama mkate wa juzi.

"Hii huwezi kuificha kwa fundi mzee," alisema. "Iliyofufuliwa humwagika hivi."

Mwiko wa Fundi ulisimama hewani. "Ulijua tangu siku ile?"

"Kabla vumbi halijatulia."

"Mbona hukusema, Baba? Umekubali waseme laana, umekubali godoro, umekubali yote."

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Mimi nilikamatwa, najua ladha yake. Nilitaka wewe upate ile nyingine."

Fundi aliutazama ukuta kwa sababu macho yake hayakuwa ya kuonyeshwa mtu. "Na kama nisingesimama?"

"Ningepiga magoti," mzee alisema. "Si ndiyo waliyoyataka? Hawakunipangia nimwombee nani."

Alikitupa kile kipande kwenye rundo la kifusi, kati ya vingine vyote, na kilipotulia hakuna ambaye angeweza kukitambua ni kipi. Kisha akachovya kopo.

"Haya, piga lipu," alisema. "Ukuta umelowa."